Mpangaji wangu ananidai kodi ya jengo, na mimi namdai kodi ya pango

Dada Mshauri, assalam aleykum.

Nakuandikia kutoka Mtwara mjini, Chikongola. Nina miaka 58, ni mjane tangu 2016. Nyumba ninayokaa ni yangu, kiwanja alinipa marehemu mama, maana kwetu Wamakonde mtoto wa kike hatoki mikono mitupu. Mbele ninakaa mimi na mjukuu wangu wa darasa la sita. Uani kuna safu ya vyumba vinne vya kupangisha, kila kimoja chumba na kijisebule, choo na bafu vya nje wanachangia. Kodi ni shilingi 50,000 kwa mwezi na sijaipandisha tangu 2019. Hiyo ndiyo riziki yangu, pamoja na mikorosho michache ya Nanyamba ambayo msimu mmoja inanichekea na msimu mwingine inaninunia.

Chumba cha mwisho anakaa dada mmoja, umri wa binti yangu, na mume na watoto wawili. Huu ni mwaka wa saba. Yeye anauza ming'oko na samaki wa kukaanga, mume ni kibarua. Msimu wa korosho anabeba magunia ghalani, msimu ukiisha anashika kinachopatikana. Kila mwaka ikifika Machi kodi yao inakwama, na kila mwaka kuanzia Novemba wanalipa. Nimeshawazoea. Ila mwaka huu wamezidisha. Hadi leo mwezi wa saba namdai miezi minne kamili, 200,000.

Wiki tatu zilizopita nilimwita. Sikumgombeza, dada, Mungu shahidi yangu. Nilimwambia mwanangu, bati linavuja upande wa jikoni, huyu mtoto anatakiwa michango shuleni, nipe angalau ya miezi miwili. Akajibu, "Sawa mama, nakuja." Nikajua anakwenda kuleta hela. Akarudi na daftari la mtoto wake, lenye jalada la bluu. Ukurasa wa katikati ameandika kwa kalamu nyekundu miezi yote tangu Agosti 2021, mmoja chini ya mwingine, mbele ya kila mwezi 1,000, kisha kuanzia Julai 2023 ni 1,500, mpaka Juni mwaka huu wa 2025. Chini kapiga mistari miwili na kuandika 59,000.

Akaniambia, "Mama, hii ni kodi ya jengo lako. Inakatwa kwenye mita ya LUKU ya uani kila tukinunua umeme, na umeme tunanunua sisi. Tumekaa wapangaji wote wanne tukakubaliana uturudishie. Kwangu mimi uikate kwenye deni."

Wenzake wote walikuwa kibarazani wanasikiliza. Mmoja ananiita bibi, nimempikia uji alipougua. Nililichukua lile daftari, nikaingia nalo ndani, nikafunga mlango. Hadi leo liko juu ya kabati. Tangu siku hiyo shikamoo ananipa akiangalia chini, na mimi namwitikia nikiangalia ukuta.

Nimemweleza kijana wangu aliyeko Dar es Salaam. Anasema niwatoe wote wanne, wamenipanda kichwani. Kuna dalali hapa mtaani ana wanafunzi wa chuo, wako tayari kulipa 70,000 kwa mwezi, na ya miezi sita mkononi. Ni 420,000 kwa chumba kimoja. Bati lote la mbele naliezua naweka jipya. Kijana anasema pia nisiandike mkataba na mtu, mkataba ndio unaowaita TRA, watu wa mapato, na asilimia 10 ya pango inaondoka. Na anasema mradi wa gesi ya Lindi unakaribia, bei zitapanda, nisikubali kufungwa na watu wa elfu hamsini.

Lakini gesi naikumbuka. Mwaka 2012 madalali walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Nilimtoa mwalimu aliyekaa kwangu miaka mitano, nikakopa kwenye kikoba, nikaweka vigae na dari kile chumba kikubwa, nikampangisha dereva wa kampuni kwa 250,000. Alikaa miezi kumi na minne akaondoka na wenzake. Chumba kikalala kitupu miezi minane na marejesho ya kikoba yakiendelea. Yule mwalimu mpaka leo tukikutana sokoni tunapishana.

Na kuna jambo jingine. Mwaka 2022 nilizidiwa usiku na sukari. Mume wa huyu dada ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka kwenye bajaji, tukaenda hospitali ya Ligula. Mke alilala sakafuni chini ya kitanda changu siku nne, akanifulia hata nguo ambazo mtu hapendi nduguye azione. Sasa mtu wa namna hiyo nimtolee vyombo nje? Na mimi je, nivujiwe na mvua kwa sababu alinifulia?

Nimsamehe, nimlipe, au nimtoe? Nashindwa kulala.

Mwenye Nyumba, Chikongola.

*

Waaleykum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili taratibu zaidi, hasa pale kwenye daftari lililo juu ya kabati. Unamdai mtu 200,000. Mtu huyo na wenzake wanakudai 59,000. Kuna na deni la tatu, la usiku ule wa Ligula, ambalo hakuna aliyeliandika popote, nalo ndilo naona linakunyima usingizi. Madeni haya matatu yamekorogeka kwenye sufuria moja, na kila mtu anayekushauri anachota lile linalomfaa. Kijana wako anachota la kwanza. Mpangaji wako anachota la pili. Wewe usiku peke yako unachota la tatu.

Niruhusu nianze na la pili, kwa sababu ndilo lililokuumiza.

Kiswahili chetu kinaita vyote viwili kodi. Anayokulipa mpangaji ni kodi, unayoilipa serikali kwa ajili ya nyumba nayo ni kodi. Hata hivyo ni pesa za watu wawili tofauti. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Mwaka 2021 serikali iliihamishia kwenye LUKU, nyumba ya kawaida ikawa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Kwa ukusanyaji ni njia rahisi, hakuna wa kukimbizana na ankara. Ila aliyeibuni njia hiyo hakuingia kwenye ua kama wako, ambako mwenye nyumba ni mmoja na anayenunua umeme ni mwingine. Ilipoanza, serikali ilieleza kwamba mpangaji akikatwa, yeye na mwenye nyumba wakubaliane namna ya kurudishiana. Neno "wakubaliane" ni jepesi kulitamka. Huko chini limewaachia watu wawili wasio na kitu kazi ya kuombana shilingi 1,500 kila mwezi, na wengi wanaona aibu, wananyamaza. Nasema wazi kwamba hilo limenikera tangu lilipoanza, kwa kuwa nyumba nyingi za Mtwara na Lindi zinapangishwa na watu kama wewe, wanaokaa ukuta mmoja na wapangaji wao.

Hesabu yake nimeipiga upya. Agosti 2021 hadi Juni 2023 ni miezi 23, sawa na 23,000. Julai 2023 hadi Juni 2025 ni miezi 24, kwa 1,500 ni 36,000. Jumla 59,000. Hakukuongezea hata mia.

Sasa nikuulize kwa upole. Kilichokuchoma ni ile hesabu, au ni kile kibaraza? Kama angekugongea mlango jioni, peke yake, akakuonyesha daftari lile lile, ungelifungia kabatini? Mimi nadhani kuambiwa unadaiwa mbele ya watu uliowapikia uji kungemuumiza mtu yeyote, hata kama deni ni la kweli. Una haki ya kuumia. Ila maumivu hayo usiyaache yaifanye hesabu kuwa matusi. Na umwonee pia upande wake. Mtu anayedaiwa 200,000 akiitwa na mwenye nyumba anakwenda akitetemeka. Inawezekana alikusanya wenzake kwa njama, kama anavyosema kijana wako. Inawezekana vilevile aliwakusanya kwa woga.

Kuna upande wa hesabu hiyo ambao yeye naye hajauona. LUKU ya uani mnasema wanachangia wanne. Kwa hiyo 59,000 si yake peke yake. Ukigawa sawa kwa sawa, na kama wote walikuwepo muda wote huo, fungu lake ni 14,750. Ukilitoa kwenye 200,000 linabaki deni la 185,250. Akikatiwa 59,000 yote, atakuwa amelipiwa na majirani zake bila wao kujua. Hili unaweza kumwambia bila kupandisha sauti, na nadhani atalielewa, maana mtu anayeandika miezi 47 mmoja mmoja kwa kalamu nyekundu si mtu wa ubabaishaji.

Angalia pia ujumbe wa LUKU ya kwako, ya nyumba ya mbele. Nyumba moja yenye mita mbili inatakiwa ikatwe kwenye mita moja tu. Ukikuta zote mbili zinakatwa, peleka namba za mita zako ofisi ya TRA uombe warekebishe. Na ukitaka jambo hili lisirudi, unaweza kuomba makato yahamie mita ya kwako, au kila mwezi ukapunguza 1,500 kwenye kodi za uani. Ni bei ya mafungu machache ya ming'oko.

Umeniandikia kwamba hujapandisha kodi tangu 2019. Je, wao umewahi kuwaambia? Unajua moyoni umewabeba miaka sita, lakini mpangaji ambaye hajaambiwa anaona tu kwamba bei ni 50,000 kwa sababu ndiyo bei. Wao nao huenda wanajiona wamekubeba kwa kukulipia kodi ya jengo miaka minne kimya kimya. Pande zote mbili mmetoa, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Tuje kwa dalali na 420,000 yake. Sitaibeza pesa hiyo. Bati linavuja kweli, na Novemba mvua zikianza halitakusubiri. Lakini ifuate mpaka mwisho. Ukiipokea leo na kuiezekea, miezi mitano inayofuata chumba hicho hakikuletei kitu, na bado utakula. Mwanafunzi aliyelipa miezi sita atadai maji, kitasa na choo kizima kwa nguvu za mtu aliyekwisha kulipa, na ana haki hiyo. Chuo kikifunga anaondoka, na huenda muhula ujao akapata chumba karibu na chuo. Inawezekana pia akawa kijana mwema akakaa miaka mitatu. Wapo. Ninachokuomba ni kuiweka 420,000 mezani pamoja na miezi ile minane chumba chako kilipolala kitupu, ndipo upime.

Kuhusu gesi wewe unajua kuliko mimi na kuliko kijana wako. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015, na wewe unakumbuka nani alibaki mjini na nani aliondoka. Mradi wa gesi wa Likong'o kule Lindi umezungumzwa miaka mingi na unaweza kuja. Ukija, utakuja na wageni wanaotaka nyumba yenye choo cha ndani na geti, na hapo itakubidi ukope tena. Unauona mlango ule ule wa mwaka 2012? Kuingia si kosa. Ila safari hii unajua nyuma yake kuna nini.

La mkataba naomba tulikalie kidogo. Hofu ya kijana wako naielewa, wenye nyumba wengi wanayo. Kodi ya asilimia 10 kwenye pango ipo, na ni ya mwenye nyumba. Kwa vyumba vinne vya 50,000 unapata 2,400,000 kwa mwaka vikijaa vyote, kwa hiyo tunazungumzia kiasi kama 240,000, si kidogo kwa mjane. Nenda TRA na hesabu zako halisi uulize kinachokuhusu wewe, usiishi kwa maneno ya mtaani. Lakini kutokuandika hakukufichi, kunakuvua nguo. Fikiria leo jambo hili lifike mbele ya wazee. Wewe utaonyesha nini kwamba unadai miezi minne? Maandishi pekee yaliyopo katika nyumba yako ni ya yule dada, kwenye daftari la bluu.

Na huenda likafika, kwa hiyo ujue pa kukanyaga. Sheria ya zamani iliyokuwa inadhibiti viwango vya kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia 50,000 au 70,000 ni haramu. Yanayowafunga ni makubaliano yenu. Ukiamua aondoke, mpangaji wa mwezi kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, na iwe ya maandishi. Kufunga kufuli, kukata umeme, kutoa vyombo nje, dada yangu, usifanye hata ukiwa na hasira kiasi gani. Hapo wewe unayedai ndiye utakayegeuka mshitakiwa. Baraza la kata tangu 2021 linapatanisha tu, halihukumu. Likishindwa ndani ya siku 30 ndipo mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna gharama na kuna miezi. Kwa deni la 185,250 unaweza kumaliza nauli zako zote na bado mkawa mnapishana uani kuchota maji.

Akibaki, je? Wewe una mikorosho, hili halihitaji mwalimu. Kipato chao kinakuja kwa msimu, kodi yako inakuja kwa mwezi, na kila Machi vitu hivi viwili vinagongana. Mwaka mzima wanatakiwa kukulipa 600,000. Ingekuwaje kama mngekubaliana 35,000 kwa miezi minane ya kiangazi cha mfuko, na 80,000 kwa miezi minne ya msimu? Inatoka 600,000 ile ile. Deni la sasa nalo mkaligawa kwenye miezi hiyo minne. Uzuri ni kwamba hutakaa ukimsubiri kila tarehe moja kwa moyo mzito. Ubaya upo pia, na ni mkubwa: unageuka benki yao. Msimu ukiharibika, au mume akiugua, au akienda kutafuta kazi mji mwingine, hasara inakuangukia wewe, na bati bado linavuja. Unaweza kuibeba hatari hiyo? Jibu analo mtu anayejua akiba yako na sukari yako, siyo mimi.

Kumwacha aende nako si lazima kuwe ukatili. Unaweza kumpa muda mrefu kuliko mwezi, tuseme mpaka Desemba, msimu uwe umemlipa, aondoke akiwa amemaliza deni au sehemu yake. Hapo hatari ni kwamba akishajua anaondoka, huenda asilipe kabisa. Na utabaki na wale wengine watatu ambao hawana deni na wewe, ila wanakudai 14,750 kila mmoja. Kijana wako anasema uwatoe wote wanne. Hao watatu wamekosa nini? Na yeye yuko Dar es Salaam. Sukari ikipanda tena saa nane za usiku, atakayesikia mlango wako ni aliyelala uani.

Hapo ndipo lilipo deni la tatu. Umeuliza kama uvujiwe kwa sababu alikufulia. Nadhani hukumaanisha ubaya, ulimaanisha umechoka kubanwa na wema. Siamini kwamba siku nne za sakafuni zinafuta miezi minne ya pango, na sidhani yule dada amewahi kusema hivyo. Kwenye daftari lake hakuziandika. Angeweza.

Ukiwa tayari kuzungumza, mwite yeye na mume wake pamoja, ndani, siyo kibarazani, na kama unaogopa machozi au hasira mwite mama mmoja wa makamo mnayemheshimu wote akae nanyi. Umwambie kibaraza kilikuumiza. Umwambie hesabu yake ni ya kweli. Umwambie na bati. Kisha umsikilize na yeye, maana mimi nimesikia upande mmoja tu, na barua za wapangaji ninazozipata huanzia mahali tofauti kabisa na yako. Mtakachokubaliana, kiwe cha kukaa au cha kuondoka, kiandikwe nakala mbili, kila mmoja na yake.

Ila kabla ya yote hayo, hata kabla hujaamua lolote, litelemshe lile daftari. Ni la mtoto, na shule zimefunguliwa.